Sainasi ipi? Isome karatasi yako kabla ya kukimbilia duka la dawa

Mtu wa Mombasa akisema "nina sainasi", mara nyingi anamaanisha pua imeziba, kichwa kinagonga na macho yanawasha. Lakini neno hilo hilo, sinus, laweza kuandikwa kwenye karatasi ya hospitali na lisihusu pua hata kidogo. Katika elimu ya mwili, sainasi ni uwazi au mfereji mdogo, na mwili una nyingi. Tazama kwanza neno linaloandamana nalo. Hilo ndilo litakaloamua kama unahitaji dawa, upasuaji, au huhitaji chochote.

Ukipimwa ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, na majibu yakasema mdundo wa moyo ni wa sainasi, shukuru. Maana yake pigo linaanzia pale linapotakiwa kuanzia, kwenye kifundo cha sainasi juu ya chumba cha kulia cha moyo, kilichoelezwa na wataalamu Keith na Flack mwaka 1907. Pakiongezwa takikadia, mapigo yamepita 100 kwa dakika. Bradikadia, yako chini ya 60. Aliyepanda ngazi mbio kabla ya kupimwa aweza kuandikiwa la kwanza, na mwanariadha la pili, wote wakiwa wazima. Sainasi ya korona nayo ni mshipa mpana ulio nyuma ya moyo, unaorudisha damu iliyokwisha kulisha misuli ya moyo wenyewe. Haina uhusiano wowote na virusi vya korona.

Kwenye altrasaundi ya figo, sainasi ni uwazi wa katikati ya figo, panapopita mishipa na njia ya mkojo, na mafuta kidogo ndani yake ni kawaida. Shingoni, sainasi ya karotidi ni sehemu ya mshipa iliyotanuka kidogo ili kuhisi presha. Ndiyo sababu haifai kukandwa shingo kwa nguvu pande zote mbili kwa pamoja, mtu aweza kuzirai. Kishimo kidogo mbele ya sikio ambacho mtoto amezaliwa nacho pia huitwa sainasi. Usikiminye wala usikichokoe. Kisipovimba wala kutoa usaha, hakihitaji tiba.

Kuna nyingine ambayo madereva wa tuktuk na wa malori wanapaswa kuijua: sainasi ya kifandugu. Nywele hupenya ngozi sehemu ya juu ya mfereji wa makalio, pakatokea kitundu kinachouma na kutoa usaha. Askari wa Marekani waliipata kwa wingi katika Vita vya Pili vya Dunia, wakaiita ugonjwa wa jeep, kwa kukaa muda mrefu kwenye viti vinavyorusharusha. Usaha ukishajikusanya, vidonge peke yake havitoshi. Lazima daktari apasue autoe. Dawa za pua hazisaidii hapa, na mtu asione haya kuonyesha mahali penyewe.

Sasa zile za usoni. Ziko jozi nne: za mashavuni, ambazo ndizo kubwa na kila moja kwa mtu mzima hubeba kama mililita 15, za juu ya nyusi, vijumba vidogo vidogo katikati ya macho, na zile za ndani kabisa nyuma ya pua. Mtoto huzaliwa na za mashavuni na za katikati ya macho zikiwa ndogo sana. Za juu ya nyusi hukua baadaye, kwa hiyo mtoto wa miaka miwili mwenye maumivu ya paji la uso hana sainasi ya hapo ya kuugua.

Tatizo kubwa la zile za mashavuni ni mlango wake. Uko juu, karibu na jicho, na upana wake ni milimita chache tu, kwa hiyo kamasi lazima lipande ndipo litoke. Vinyweleo vidogo mno ndivyo vinavyolisukuma. Pua ikivimba kwa mafua au aleji, mlango unafunga, kamasi linakwama, na uso unaanza kuwa mzito, hasa ukiinama.

Kabla ya kulaumu sainasi, chunguza mambo matatu. Kama unapiga chafya mfululizo asubuhi, pua inawasha na kamasi ni maji maupe, huenda hiyo ni aleji. Unyevu wa pwani unawafaa sana wadudu wasioonekana wa vumbi, na mito ya sufi iliyokaa miaka ndiyo makao yao. Fua mashuka kila wiki kwa maji ya nyuzi 60, na upunguze moshi wa udi, ubani na dawa ya mbu ya kuchoma chumbani. Kama kichwa kinauma upande mmoja, mwanga unakukera na unahisi kichefuchefu, huenda ni kipandauso, hata kama pua inachuruzika. Na kama ni pua ya upande mmoja tu inayotoa usaha unaonuka, muone daktari wa meno: mizizi ya magego ya juu hukaribiana sana na sakafu ya sainasi ya shavu, na jino lililooza hupitisha usaha humo.

Rangi ya kijani ya kamasi haithibitishi bakteria. Mafua ya virusi huisha ndani ya siku 7 hadi 10. Shuku bakteria siku zikipita 10 bila nafuu, au ulipoanza kupona hali ikageuka ikawa mbaya tena, au homa ikifika nyuzi 39 pamoja na usaha puani na maumivu ya uso kwa siku tatu au nne mfululizo. Kununua amoksilini, dawa ya kuua bakteria, siku ya pili ya mafua ni kutupa pesa na kuwazoesha bakteria dawa. Dalili zikidumu wiki 12, huo ni ugonjwa sugu, na wa kuonwa ni daktari wa masikio, pua na koo.

Linalosaidia wengi ni kuosha pua kwa maji ya chumvi, na hapa ndipo watu wanapokosea. Chemsha maji mpaka yatokote vizuri kwa dakika moja, kisha yaache yawe vuguvugu. Usiruke hatua hii: katika maji yasiyochemshwa mnaweza kuwa na amiba ambaye akinywewa hadhuru, lakini akipanda puani huingia ubongoni na kuua. Maji ya kisima ya hapa kwetu mengi yana chumvi tayari, na kuyachemsha kunazidisha chumvi hiyo, kwa hiyo tumia maji matamu. Maji ya bahari usiyatumie. Chumvi yake ni karibu mara nne ya ile ya mwilini, na ni machafu. Maji ya betri usiyasogeze kabisa, mengine ni asidi.

Kipimo ni gramu 9 za chumvi kwa lita moja, kama kijiko cha chai kimoja na nusu kilichosawazishwa. Ongeza nusu kijiko cha bekingi soda ili isichome. Bekingi poda si hiyo, na magadi si hiyo. Chumvi ya mezani Kenya huwekewa iodini kwa sheria. Ikikuchoma, tafuta chumvi safi isiyo na iodini. Maji yenye chumvi kidogo mno nayo huchoma, kwa hiyo kama hukufikisha kipimo, ongeza.

Inama juu ya sinki, geuza kichwa upande, fungua mdomo na upumue kwa mdomo. Kwa bomba la sindano la mililita 20 lisilo na sindano, au chupa ya kuoshea pua, sukuma taratibu kupitia tundu la juu. Maji yatokee la chini. Mililita 120 kila upande zinatosha. Masikio yakiuma, umesukuma kwa nguvu mno. Penga polepole, tundu moja moja, na usilale kabla ya saa moja kupita. Yaliyobaki yamwage baada ya saa 24, na chupa uioshe kwa sabuni na kuianika.

Dawa ya kupuliza ya steroidi ifuate baada ya kuosha. Ielekeze upande wa sikio, mbali na ukuta wa katikati, la sivyo pua itatoka damu. Huchukua hadi wiki mbili kufanya kazi sawasawa, na wengi huiacha siku ya tatu wakidhani ni bandia. Matone ya kufungua pua, ya zailometazolini, yasizidi siku tano, kwani yakizidi pua huziba zaidi kila yanapokatika.

Jicho likivimba, ukianza kuona vitu viwili viwili, shingo ikikakamaa au mgonjwa akichanganyikiwa, acha kuosha na uende hospitali siku hiyo hiyo. Nyuma ya macho kuna sainasi nyingine, ya damu, na uambukizo ukiifikia damu huganda ndani ya kichwa.