Serikali ikipiga marufuku kripto, inaisha kweli?

Maswali ya kripto, yaani sarafu za kidijitali za mtandaoni, yamekuwa mengi sana siku hizi, nimechukua matatu. La kwanza nimelijibu kwa kirefu kwa sababu ndo linalozaa mengine yote.

SWALI: Habari za kazi. Mi nipo Mwanza nauza vipuri vya pikipiki, mzigo wangu mwingi unatoka China na dola kuipata benki kuna wakati ni shughuli nzito, kwa hiyo nimeanza kuweka akiba kidogo kwenye USDT, ile sarafu ya kripto inayofuata thamani ya dola. Shemeji yangu ananiambia nisiwe na wasiwasi, hakuna serikali duniani inaweza kuzuia hii kitu. Ila nasikia China walipiga marufuku, Nigeria nao hivyo hivyo. Ukweli ni upi, wanaweza au hawawezi? – *Msomaji, Mwanza*

JIBU: Shemeji yako ana nusu ya ukweli, shida ni kwamba nusu aliyoiacha ndo inayogusa hela yako.

Tuanze na ile aliyopatia. Bitcoin, sarafu ya kripto maarufu kuliko zote, ilianza kutembea Januari 2009 na mpaka leo haina ofisi, haina mkurugenzi, haina seva moja ambayo askari wanaweza kwenda kuzima. Daftari la miamala limekaa kwenye kompyuta za watu wengi dunia nzima, ukizima za nchi moja zilizobaki zinaendelea. Na hili sio nadharia, China wamelijaribu kwa vitendo. Desemba 2013 benki kuu yao ilikataza mabenki kugusa bitcoin, Septemba 2017 wakafunga masoko ya kripto yaliyokuwa nchini, halafu 2021 wakaamua kumaliza kabisa, mwezi wa tano wakawageukia wachimbaji (wanaoendesha mashine za kuthibitisha miamala na kulipwa bitcoin mpya) na tarehe 24 Septemba wakatangaza miamala yote ya kripto ni haramu. Kumbuka China ndo ilikuwa kitovu cha uchimbaji duniani, mashine zimejaa Sichuan kwenye umeme wa maji na Xinjiang kwenye makaa ya mawe. Zikazimwa, nyingine zikapakiwa kwenye makontena zikaenda Marekani na Kazakhstan. Mtandao wa bitcoin umewekewa utaratibu wa kujirekebisha kila baada ya wiki mbili hivi, kwa hiyo Julai mwaka ule ugumu wa kuchimba ukashuka kama asilimia 28 kwa mkupuo ili mashine zilizobaki ziweze kuimudu kazi, haijawahi kutokea kabla yake, na mambo yakaendelea. Yaani mtu aliyekuwa anatuma bitcoin kutoka Lagos au Toronto kikubwa alichoona ni kuchelewa kidogo. Na watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walipoangalia takwimu za Septemba 2021 wakakuta zaidi ya moja ya tano ya uchimbaji wote imerudi China, chini kwa chini, na hiyo ni serikali inayodhibiti intaneti na malipo ya simu kuliko karibu nchi yoyote.

Sasa nusu ya pili. China haikuua bitcoin lakini ilifanikiwa kwa mengi mengine, na watu wanaoshabikia kripto hawapendi kuyasema. Hakuna duka linalopokea, hakuna tangazo, hakuna soko lenye leseni. Mtu akitaka kununua anamtafuta muuzaji mmoja mmoja, analipana naye kwa benki au simu, na ikitokea hela aliyopokea ilitoka kwa tapeli kadi yake inafungiwa na polisi. Akidhulumiwa akaenda mahakamani kuna hatari kubwa ya kuambiwa mkataba wako ni batili, hasara ni yako. Kwa hiyo ukiniuliza marufuku inafanya kazi au haifanyi nitakujibu inafanya kazi mlangoni. Kripto ya aina ya bitcoin yenyewe serikali haiifikii, ila pale shilingi inapogeuka kuwa kripto na kripto inapogeuka kuwa shilingi, yaani benki, wakala, laini ya simu, pale serikali ina mkono mrefu sana.

Nigeria ndo mfano ninaopenda watu wausome vizuri kwa sababu maisha yao yanafanana na yetu kuliko ya Wachina. Oktoba 2020 vijana waliingia barabarani kupinga SARS, kikosi cha polisi kilichotuhumiwa kwa ukatili, kundi la wanawake lililokuwa linachangisha hela za chakula, matibabu na mawakili likafungiwa njia za benki, wakahamia kuchangisha kwa bitcoin na michango ikaingia kutoka duniani kote. Miezi michache baadae, tarehe 5 Februari 2021, benki kuu ikaziandikia benki zote: tafuteni akaunti za watu na makampuni ya kripto mzifunge. Muda si mrefu masoko ya pale hayakuweza tena kupokea naira wala kuilipa.

Na watu wakafanya nini? Wakahamia P2P, yaani kuuziana mtu kwa mtu. Kwa wasioijua inakwenda hivi: wewe una USDT 100 unataka kuziuza, unaziweka kwenye soko la mtandaoni, soko linazishikilia wewe mwenyewe huwezi kuzigusa. Mnunuzi anaona tangazo lako, anakutumia naira kutoka akaunti yake ya benki kwenda yako kama anavyomtumia ndugu yake, anabonyeza kwamba ameshalipa, wewe unafungua app ya benki unahakikisha hela imeingia na jina la aliyetuma ndo lile lile la kwenye soko, ndipo unaachia. Benki inaona nini? Inaona mtu kamtumia mtu hela, basi. Wanigeria walikuwa wanaonyana kabisa, kwenye maelezo ya muamala usithubutu kuandika neno kripto, andika hela ya matumizi. Sasa benki kuu itazuia vipi mamilioni ya watu kutumiana hela ya matumizi?

Serikali ikaleta na mbadala wake, eNaira, naira ya kidijitali ya benki kuu, Oktoba mwaka ule ule 2021. Wananchi wachache mno waliitumia. Desemba 2023 benki kuu yenyewe ikafuta agizo lake, ikaruhusu benki kufungua akaunti za makampuni ya kripto kwa masharti. Miezi miwili tu mbele moto ukawaka tena, naira ilikuwa imeporomoka vibaya, dola iliyokuwa inauzwa rasmi kama naira 460 katikati ya 2023 ilivuka 1,500 mwanzoni mwa 2024, serikali ikaituhumu Binance, soko kubwa la kripto la mtandaoni, kwamba bei za dola zinapangwa kwenye P2P yao, tovuti za kripto zikafungwa, maafisa wawili wa kampuni wakashikiliwa, na mwezi wa tatu Binance ikaondoa huduma za naira. Halafu 2025 ikaja sheria ya masoko ya mitaji inayotambua mali za kidijitali. Angalia hiyo safari: kufunga, kufungua, kufunga tena, kisha kutunga sheria. Katikati ya yote hayo Nigeria haikuacha kuwa moja ya nchi zinazotumia kripto kwa wingi zaidi duniani.

Kinachoniuma kwenye hii habari sio serikali kushindwa. Kinachoniuma ni nani aliyelipa. Mwenye hela nyingi alikuwa na akaunti nje, hakuguswa. Aliyeguswa ni kijana anayefanya kazi za mtandaoni analipwa kwa kripto, aliyelazimika kuuziana na watu asiowajua, na akitapeliwa hawezi kwenda kulalamika popote kwa sababu ataanza kuulizwa yeye alikuwa anafanya nini. Marufuku ilimuondoa mfanyabiashara aliyesajiliwa na mwenye anwani, ikamwacha mwananchi na mtu wa Telegram.

Sasa turudi kwako Mwanza. Kitu cha kwanza, USDT sio bitcoin. USDT ina kampuni nyuma yake, Tether, na hiyo kampuni ina uwezo wa kufungia anwani yoyote na imeshafanya hivyo mara nyingi ikiombwa na vyombo vya dola. Shemeji yako anapokwambia hakuna anayeweza kuzuia anaongelea sarafu nyingine, sio uliyonayo wewe. Pili, kama hela yako umeiacha kwenye soko la mtandaoni basi funguo za kuitoa anazo mwenye soko, na waliokuwa na hela FTX, soko lililofilisika Novemba 2022, wanajua maana yake. Ukiwa na pochi yako mwenyewe, yaani app au kifaa cha kutunzia kripto, na yale maneno 12 ya siri ya kuifungulia umeyaandika kwenye karatasi, hapo ndo hakuna benki inayoweza kukuchukulia, ila na ukiyapoteza hakuna wa kumpigia simu.

Tatu ni sheria za kwetu. Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo kwamba sarafu hizi hazitambuliki kama malipo halali na ikawaonya watu wasizitumie. Juni 2021 Rais Samia akaitaka benki hiyo ianze kujiandaa na mabadiliko haya. Mwaka 2024 Sheria ya Fedha ikaleta kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya kuhamisha mali za kidijitali. Wengi wamechukulia kwamba kodi ikishakuwepo basi kitu kimehalalishwa, mi nasema hapana, kodi sio leseni. Ukipata hasara hiyo asilimia 3 haikupi pa kulalamikia. Kwa hiyo mtaji wa duka usiuweke wote humo. Weka kile cha kununulia mzigo unaofuata, kipite, kitoke, na kumbukumbu za kila muamala uzitunze.

SWALI: Kwa nini serikali zinahangaika na hii kitu kiasi hicho, si waache tu watu? Au wanaogopa kupoteza mamlaka? – *Msomaji, Nairobi*

JIBU: Mamlaka yapo ndani, siwezi kukudanganya, lakini sio yote. Nchi nyingi zilizokataza kabisa, mfano Morocco 2017 na Algeria 2018, ni nchi ambazo tayari zinabana utoaji wa fedha nje. Kama sarafu yako haina nguvu na akiba yako ya dola ni ndogo, halafu kila mwenye chochote anaigeuza kuwa USDT kwa simu usiku, una sababu ya kukosa usingizi. Na utapeli upo, wazee wetu wameuza viwanja kwa ahadi za faida ya kila wiki, mtu anayesema serikali haina haki ya kuingilia hapo mi siko nae.

Ila kuingilia na kukataza ni vitu viwili. India benki kuu yao ilikataza benki kuhudumia kripto Aprili 2018, Mahakama ya Juu ikaitupa hiyo amri Machi 2020, serikali ikabadilisha mbinu, kuanzia 2022 wanatoza asilimia 30 kwenye faida na asilimia 1 inakatwa kwenye kila muamala. Hiyo asilimia 1 ilipunguza biashara kwenye masoko ya ndani kwa kasi kweli kweli, ila wafanyabiashara wengi walihamia tu masoko ya nje. Nyie Kenya mlianza na onyo la Benki Kuu Desemba 2015, mkaja na kodi ya asilimia 3 mwaka 2023, mkaiondoa 2025 mkaweka ushuru wa asilimia 10 kwenye ada za watoa huduma, na mwaka huo huo mkapata sheria ya kusajili hao watoa huduma, Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji wakigawana usimamizi. Mi naona mmefika mahali pazuri kuliko majirani wengi, sasa kazi ni wananchi kukataa kufanya biashara na asiye na leseni hata kama bei yake ni nzuri.

SWALI: Mi nipo Kampala. Niliuza USDT kwa P2P, hela ikaingia kwenye simu, kesho yake laini yangu ya mobile money ikafungiwa. Nikipiga huduma kwa wateja wananiambia subiri. Ni kwa sababu Benki Kuu ya Uganda imekataza kripto? – *Msomaji, Kampala*

JIBU: Pole sana. Agizo hilo lipo, Benki Kuu ya Uganda mwaka 2022 iliwaambia watoa huduma za malipo wasisaidie kubadilisha kripto kuwa mobile money wala kinyume chake, kuna mwananchi akaenda mahakamani kulipinga na 2023 Mahakama Kuu ikabaki upande wa Benki Kuu. Lakini kwa jinsi ulivyoeleza, laini kufungwa siku moja baada ya kupokea, mi nahisi zaidi kwamba aliyekulipa alikutumia hela ya mtu mwingine, mwenye hela kalalamika na mnyororo umeishia kwako. Angalia jina la aliyetuma, je ni lile lile la kwenye soko? Kama sio, ndo hapo.

Usisubiri kwenye simu. Nenda ofisini kwao na kitambulisho, omba namba ya kesi na sababu kwa maandishi, piga skrinishoti za muamala wote na mazungumzo yako na mnunuzi kabla hayajafutika, na ripoti kwenye soko ulikouzia ili akaunti yake izuiwe. Ukiitwa polisi nenda, ikiwezekana na wakili, eleza kama ilivyokuwa, usijitungie hadithi ya kuuza ng'ombe. Na akitokea mtu WhatsApp anasema ana ndugu kwenye kampuni ya simu atakufungulia ukimpa kitu kidogo, usimpe hata shilingi.