Kipupwe cha Njombe huandaliwa mwezi Mei

Mvua zikishakatika, mara nyingi kati ya mwanzo na katikati ya Mei, sisi wa Njombe tunabaki na wiki chache tu kabla baridi haijashika. Juni ikiingia anga inatakata, upepo wa kusini-mashariki unaanza kuvuma, na kuna usiku joto linashuka chini ya nyuzi 5. Wenzetu wa Makete, hasa walio karibu na uwanda wa Kitulo ulio zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, wanaamka na kukuta maji ya ndoo iliyolala nje yametanda barafu. Wanaohamia huku kutoka Dar au Morogoro huniuliza mwezi Julai, wakiwa wamejitanda mablanketi, baridi hii tunaiwezaje. Kwa kweli yanayookoa nyumba na bustani mwezi Julai ni yale yaliyofanyika Mei, ndiyo maana naandika sasa.

Naanza na jambo linaloua watu, kwa sababu mparachichi ukiungua kwa baridi utapanda mwingine.

Jiko la mkaa lisilale na watu

Mkaa uliokolea hautoi moshi, na hapo ndipo watu wanapouamini. Lakini kwenye chumba kilichofungwa, mkaa huo mwekundu unatoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia mwilini inashikana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo mtu anavuta pumzi vizuri kabisa huku mwili unakosa hewa. Dalili zake ni kichwa kugonga, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea. Aliye macho anaweza kushtuka akatoka nje. Aliyelala hapati nafasi hiyo.

Nimewahi kusaidia kumtoa jirani yangu na wanawe alfajiri. Walikuwa wanatapika, na mtoto mkubwa alishindwa kabisa kusimama. Jiko lilikuwa karibu na mlango, ndani, na dirisha limezibwa kwa gunia. Huyu si mama mzembe. Alikuwa amelikoleza jiko uani, akasubiri moshi uishe wote, ndipo akaliingiza kwa ajili ya watoto. Walipona, namshukuru Mungu, lakini tangu siku hiyo sipiti nyumba yenye mtoto mchanga kipupwe bila kuuliza jiko linalala wapi.

Kama huna namna nyingine, ota moto jioni mkiwa macho, dirisha likiwa wazi kiasi cha kupitisha kiganja, kisha jiko litoke kabla hata mmoja hajapanda kitandani. Usiseme limebaki majivu. Chini ya majivu kuna makaa, na makaa hayo yanaendelea kutoa gesi ile ile. Kukiwa na mtu ameanza kuumwa kichwa chumbani, mtoe nje kwanza, maelezo yafuate, na apelekwe hospitali hata akisema anajisikia nafuu.

Kitanda kinapashwa kwa njia salama na za bei ndogo. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kizibo vizuri na kuviringishwa kwenye kanga inatosha kabisa kwa miguu ya mtoto, ilimradi isigusane na ngozi moja kwa moja. Tofali la kuchoma lililokaa kando ya moto jioni nzima, likafungwa kwenye gunia, linatunza joto kwa muda mrefu. Na kabla hujanunua blanketi la nne, angalia chini ya godoro. Wengi tunarundika mablanketi juu wakati baridi inapanda kutoka kwenye sakafu ya saruji. Tandika maboksi yaliyokunjuliwa au blanketi kuukuu chini ya godoro, utaona tofauti usiku huo huo.

Nyumba yenyewe

Joto la nyumba zetu linapotelea juu. Bati tupu lisilo na dari linapoa haraka usiku wenye nyota, na mvuke wa kupikia na wa pumzi zetu unagota pale juu, unageuka matone. Yakidondoka tunadhani bati linavuja, fundi anaitwa kuziba matundu ambayo hayapo. Dawa ni dari. Kama fedha haitoshi nyumba nzima, weka chumba cha watoto kwanza, hata kwa mbao nyembamba za paini; kwa mkoa wenye viwanda vya mbao kama wetu, hilo halipaswi kumshinda mtu anayejipanga toka Machi. Chini ya mlango weka nguo nzito iliyoviringishwa, na mapengo ya fremu za madirisha yajazwe. Vitundu vya hewa vilivyo juu ya dirisha viache kama vilivyo. Vina kazi yake.

Wenye meko ya ndani na dohani, panda ukaitoe masizi mwezi Mei, kabla ya moto wa kwanza. Halafu angalia kuni. Paini mbichi inatoa moshi mzito unaoacha utando kama lami ndani ya dohani, na utando huo siku moja unashika moto. Miwati iliyopasuliwa na kukauka vizuri ndiyo kuni ninayoitafuta mimi. Kuijua kavu ni rahisi: gonganisha vipande viwili. Kavu zinalia kwa sauti kali, mbichi zinatoa mlio mzito uliokufa. Tazama na ncha zake, kuni kavu ina nyufa zinazotoka katikati kwenda pembeni. Kuni za mwaka huu zilitakiwa kupasuliwa Septemba iliyopita na kukaa chini ya paa masika yote, kwa hiyo asiye nazo anunue zilizokauka sasa, na za mwakani azipasue kipupwe kikiisha.

Uwanja na mabanda

Nyasi ndefu zilizo karibu na nyumba zifyekwe Mei au mwanzoni mwa Juni, zikiwa bado na ubichi. Kipupwe ni baridi, lakini pia ndiyo mwanzo wa ukavu, na kufikia Agosti cheche moja kutoka shamba la jirani inatembea. Walio karibu na mashamba ya miti wanajua ninachosema. Lima ukanda usio na majani kuzunguka nyumba, banda na rundo la kuni. Ukitaka kuchoma mabaki, pita kwanza ofisi ya kijiji upate ruhusa, uwaambie na majirani.

Vifaranga ndio wanaokufa wengi. Wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi 32 hadi 35 pale wanapokanyaga, kisha unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki. Hata bila kipimajoto, watazame: wakirundikana chini ya taa wanasikia baridi, wakikimbilia pembeni huku wanahema wamezidiwa na joto, wakitawanyika wanakula basi umepatia. Maranda yatandikwe kwa unene wa sentimita 10 hivi, nayo huku ni rahisi kupata. Ziba banda upande wa chini unaopigwa na upepo, lakini juu acha wazi. Banda lililofungwa pande zote linajaa hewa ya mkojo, macho ya kuku yanaanza kutoa machozi, mafua yanafuata. Ndama naye alale pakavu, mbali na upepo. Tope linamwangusha upesi zaidi kuliko baridi yenyewe.

Barafu inavyoshuka bustanini

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana ndipo hasara nyingi zinapoepukika.

Barafu inayounguza mazao haianguki kutoka juu kama mvua. Mchana ardhi inakunywa joto la jua, usiku inalirudisha angani. Mawingu yakiwepo, yanafunika kama blanketi na sehemu ya joto inabaki chini. Mbingu zikiwa wazi na upepo umetulia, joto linapotea lote, majani yanapoa kuliko hata hewa iliyoyazunguka, na unyevu ulio juu yake unaganda. Kisha ile hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, inateremka polepole kufuata mteremko hadi bondeni na kutuama huko.

Na bondeni ndiko kuliko na vinyungu vyetu, yaani bustani za bondeni. Kinyungu kina maji wakati wa kiangazi, ndiyo faida yake, lakini pia ndicho kinachopokea baridi yote ya mlima. Nenda kinyungu cha viazi alfajiri baada ya usiku kama huo: majani yamesimama, kingo zake zina chembe nyeupe zinazong'aa, ukiligusa moja linakatika kwa mlio mdogo. Ukiwa mgeni utaona shamba zuri. Rudi saa nne, jua limeshapanda. Majani yaleyale yamelegea, yamekuwa kijani cheusi kama yaliyochemshwa, kwa sababu maji yaliyoganda ndani yamepasua chembe za jani. Kwa umbali usiofika hata mita 100, shamba la jirani lililo juu mlimani halina alama.

Kwa hiyo kazi ya Mei ni kuamua nini kinakaa wapi. Maharage, mahindi, nyanya, maboga na migomba havistahimili barafu hata kidogo, na viazi vinapona ile nyepesi tu. Kabichi, karoti na vitunguu saumu vinavumilia. Njegere inavumilia kwa majani, ila maua na maganda machanga yanaungua. Mimi kinyungu changu cha chini nakianza Julai kwa kabichi, karoti, na njegere zitakazotoa maua baridi ikiwa imepungua. Mahindi na maharage nayasubirisha hadi mwisho wa Agosti. Najua soko la mahindi mabichi linavutia anayewahi, lakini kuwahi bondeni ni kucheza kamari.

Mparachichi mkubwa wa aina ya Hass unaweza kuvuka usiku mmoja mmoja wa barafu nyepesi, ila mche wa mwaka wa kwanza au wa pili hauwezi. Usiupande mahali pa chini kabisa pa shamba. Kama umeshapanda, simika miti minne kuuzunguka na ujenge kibanda cha nyasi chenye paa, kinachoufunika bila kugusa majani. Nailoni peke yake siipendekezi. Inapoa haraka, na jani linalogusana nayo linaungua. Mbolea ya chumvichumvi yenye naitrojeni isimame kuanzia Aprili, kwa sababu inaamsha machipukizi laini, na hayo ndiyo yanayotangulia kufa.

Kuna jambo moja ambalo wengi hubishana nami. Matandazo tunayasifu, na mimi nayatumia mwaka mzima kutunza unyevu, ila kwenye usiku wa barafu yanazuia joto la udongo lisiufikie mche. Wiki za baridi kali yasogeze mbali na shina, acha udongo wazi na ulioshikamana, kisha umwagilie mchana, tena mapema. Udongo wenye unyevu unatunza joto la jua kuliko mkavu, na usiku unalitoa kidogo kidogo pale mche ulipo. Uzio wa majani ulio upande wa chini wa bustani nao ufungue upenyo, la sivyo unakuwa bwawa la hewa baridi.

Wapo wanaochoma majani mabichi usiku ili moshi ufunike shamba. Moshi unasaidia kidogo mno. Kinachopasha ni moto wenyewe, na mioto midogo mingi ina faida kuliko mmoja mkubwa, ila ikeshewe. Wengine wanamwagia maji alfajiri. Maji yanaokoa pale tu yanaponyunyizwa mfululizo toka barafu inapoanza mpaka inayeyuka yote. Ukinyunyiza mara moja ukaacha, unaweza kuongeza madhara.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wa kipupwe, Juni hadi Agosti, kabla ya msimu. Usikilize. Lakini usiku wa kufunika miche utauona mwenyewe jioni: upepo uliovuma mchana umenyamaza ghafla, hakuna wingu, nyota zimetoka kali, na moshi wa jikoni unalala bondeni badala ya kupanda. Ukiona hivyo, toka saa kumi na mbili jioni ufunike, usingoje usingizi upite, kwa kuwa baridi kali kuliko zote huja karibu na macheo.

Na mparachichi ukishaungua, zuia mkono wako. Julai hujui tawi gani limekufa na lipi limepoteza majani tu. Paka chokaa iliyochanganywa na maji kwenye shina na matawi yaliyobaki wazi, jua lisiyababue, kisha subiri Septemba au Oktoba machipukizi yatokeze. Hapo kata juu kidogo ya chipukizi lenye afya. Kabla ya kufurahi, angalia limetokea wapi. Lililo juu ya kiungio, pale Hass ilipounganishwa na mche wa asili, ni Hass, litunze. Lililo chini ya kiungio ni la mche wa asili, hata likikua vizuri halitakupa tunda linalonunuliwa kiwandani. Kama juu yote kumekufa na chini kuko hai, acha chipukizi moja tu lililonyooka, mengine yaondoe, na lifikapo unene wa penseli mwite fundi abebeshe upya, yaani aunganishe Hass nyingine juu yake.