Re: Hambaka mpya, sauti inakonda swichi ikiwa katikati

Habari mkuu. Umesema umefunga hambaka (pikapu, yaani kinasa sauti cha nyuzi, yenye koili mbili) ya Seymour Duncan kwenye daraja la gitaa, DiMarzio ya zamani imebaki shingoni. Kila moja peke yake iko vizuri, ila zikilia pamoja besi inapotea na sauti inakuwa ya puani. Hapo pikapu zako zinapingana fezi, yaani mawimbi ya moja yanakwenda kinyume na ya nyingine na kufutana. Usinunue kitu.

Kwanza hakikisha. Chomeka kebo kwenye gitaa, volyumu zote juu, mita ya umeme weka 20k za omu, nyaya zake zishike ncha na shina la plagi. Chagua pikapu ya daraja, gusisha bisibisi ya chuma kwenye skrubu zake huku ukiangalia namba: itapanda au kushuka kidogo, kisha itarudi. Fanya hivyo kwa ya shingo, skrubu kwa skrubu. Moja ikipanda na nyingine ikashuka, jibu umepata.

Dawa ni kugeuza nyaya za pikapu moja tu. Kwenye Duncan, nyeusi ipeleke ati (ardhi ya umeme, kwa kawaida mgongo wa poti, kile kifaa kilicho chini ya kitufe cha volyumu) na kijani ije kwenye volyumu. Nyekundu na nyeupe ziache zimeungana, uzifunge tepu. Ule waya mtupu usiuguse, ubaki ati; ukiuhamisha pamoja na kijani, gitaa litavuma vibaya mno.

Angalizo: rangi hizi ni za Duncan. DiMarzio nyekundu ndiyo ya sauti, na nyeusi na nyeupe ndizo zinazoungana. Wengi wanakwama hapo.

Mgongo wa poti unameza joto, kwa hiyo kulehemu hapo tumia chuma cha kulehemu cha wati 40, na mgongo huo ukwangue kwanza.