Kabla hujashika kaunta: masharti ya leseni ya vileo kwa anayeanza kazi

Siku ya kwanza kazini, iwe baa, hoteli au duka la vinywaji, mgeni huoneshwa bei, mashine ya risiti na stoo. Leseni huoneshwa kwa kidole: "Ile pale ukutani." Nimesimamia nyumba za vileo miaka mingi, na jambo la kwanza ninalomwambia kila anayeajiriwa ni kwamba aiombe aisome. Aisome yote, pamoja na viambatisho vyake, kwa sababu karatasi ya ukutani mara nyingi ni muhtasari tu. Masharti huandikwa kwa jina la mwenye leseni, lakini anayeyatimiza au kuyavunja ni mhudumu wa zamu ya usiku, saa ambazo mwenye leseni yuko nyumbani kwake amelala.

Sheria hutofautiana nchi na nchi, na pengine mji na mji. Kenya, kwa mfano, ina Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010, ambayo wengi bado huiita Sheria ya Mututho, kwa jina la mbunge John Mututho aliyeipigania, na baada ya Katiba ya mwaka huohuo kazi ya kutoa leseni ilikwenda kwa serikali za kaunti. Tanzania ina Sheria ya Vileo ya mwaka 1968. Huko Uingereza, England na Wales wanafuata sheria ya mwaka 2003 inayosimama juu ya malengo manne: kuzuia uhalifu na fujo, usalama wa watu, kuzuia kero kwa jamii, na kuwakinga watoto na madhara. Scotland wana sheria yao ya mwaka 2005, nao wameongeza la tano, afya ya jamii. Ukiyashika malengo hayo utaelewa kwa nini sharti fulani limewekwa, na sharti unaloelewa sababu yake ni rahisi kulitekeleza hata ukiwa umechoka.

Tuanze na mipaka. Leseni haimpi mtu ruhusa ya kuuza pombe popote anapotaka ndani ya kiwanja chake. Maombi mengi huambatana na mchoro wa jengo, na mchoro huo ndio unaosema kaunta iko wapi, wateja wanakaa wapi, milango ya dharura ni ipi. Meza mbili zikitolewa barabarani kwa sababu ndani kumejaa, huenda mmeshaanza kuuza nje ya eneo lenye leseni. Kaunta ya pili ikijengwa uani bila kibali, ni hivyohivyo. Kwa hiyo chukua mchoro, tembea nao, ulinganishe na unachokiona. Nimeona jengo lililopakwa rangi na kupangwa upya kwa gharama kubwa, halafu siku ya ukaguzi mlango wa dharura uliochorwa upande wa kushoto ukakutwa una rafu ya chupa mbele yake.

Mahali penyewe nako kuna masharti kabla hata leseni haijatoka. Sheria ya Kenya inataka nyumba ya kuuza vileo iwe mita 300 au zaidi kutoka shule au taasisi nyingine ya kusomesha walio chini ya miaka 18. Kwa anayeajiriwa hilo limeshapita, lakini kwa anayetaka kufungua biashara yake ndilo la kupima kwanza, kabla ya kulipa kodi ya pango.

Halafu aina ya mauzo. Ipo leseni ya kuuza kinywaji kinyweke hapohapo, ipo ya mteja kununua na kuondoka nacho, na wapo wenye zote mbili. Mgeni hudhani tofauti hiyo ni ya makaratasi. Duka lenye leseni ya kuondoka nacho likimfungulia mteja chupa na kumpa kiti, limefanya biashara ambayo halina ruhusa nayo. Na baa isiyo na ruhusa ya mteja kuondoka na kinywaji haina budi kuangalia glasi na chupa zinazotoka mlangoni. Mlinzi wa mlangoni ndiye anayelijua hili kuliko meneja, au angalau anapaswa kulijua.

Saa za mauzo ndizo zinazowaponza wengi, na si kwa ubishi, ni kwa kusoma vibaya. Sheria ya Kenya ya 2010 iliweka baa ziuze Jumatatu hadi Ijumaa kuanzia saa 11 jioni hadi saa 5 usiku, na mwisho wa juma na sikukuu kuanzia saa 8 mchana. Hapo hakuna fumbo. Fumbo huja kwenye leseni zinazovuka usiku wa manane. Ikiandikwa "Ijumaa hadi saa 8 usiku," zile saa mbili za mwisho tarehe imeshakuwa ya Jumamosi, lakini zinahesabiwa kuwa za Ijumaa. Usiku wa Jumapili wa kuamkia sikukuu unaweza kuwa na saa zake za kawaida kabisa, ingawa wateja wote wanakuapia kwamba kesho hakuna kazi. Andika ratiba ya juma zima kwa lugha ya kawaida, uibandike nyuma ya kaunta pasipoonekana na mteja. Tena tofautisha saa ya kuuza kwa mara ya mwisho na saa ya watu kuwa wametoka. Leseni nyingine hutaja zote mbili, na kati yake kuna muda wa kumalizia kinywaji. Anayemimina bia dakika moja baada ya saa ya mwisho kwa sababu "mteja aliagiza mapema" ameshauza nje ya muda. Taja mwisho wa maagizo mapema, kwa sauti, usirudi nyuma.

Sasa niseme juu ya sehemu ambayo wageni wa kazi hii hawaifahamu kabisa, nayo ni masharti yanayotokana na maneno ya mwombaji mwenyewe. Katika mfumo wa Uingereza, anayeomba leseni hueleza atakavyoendesha nyumba yake: kamera, walinzi, mafunzo, muziki, namna ya kuwatoa watu usiku. Aliyoyaandika hugeuzwa kuwa masharti ya leseni. Aliyeandika kwa kutaka kuipendeza ofisi kwamba kutakuwa na walinzi wawili mlangoni kila usiku, atakuwa na walinzi wawili kila usiku, hata Jumatatu ya mvua yenye wateja wachache kuliko wahudumu. Aliyeandika kwamba picha za kamera zitatunzwa siku 31, kama ilivyo katika leseni nyingi za huko, hana la kusema siku polisi wanapotaka picha za wiki tatu zilizopita na mashine imeshazifuta. Ukija kushirikishwa kujaza fomu, andika kile nyumba inachoweza kukifanya usiku wake mbaya kuliko yote. Na ukikuta sharti lisilotekelezeka, mwambie mwenye leseni aombe libadilishwe kwa utaratibu. Kulipuuza kimya kimya ni kosa, hata kama wote mnakubaliana kwamba sharti halina maana. Mimi binafsi naamini masharti mengi yasiyo na maana yaliandikwa na waombaji, wala si na ofisi.

Umri. Kenya, Tanzania na Uingereza mpaka ni miaka 18. Marekani ni 21, baada ya sheria ya mwaka 1984 iliyotishia kupunguza fedha za barabara kwa majimbo yatakayoruhusu chini ya hapo. Sweden ni 18 kwenye baa, lakini 20 katika maduka ya serikali ya Systembolaget. Kuujua umri wa kisheria ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni kumtambua mtu wa miaka 17 aliyevaa vizuri, amekuja na kundi la wakubwa, saa ambayo una foleni. Ndiyo maana nyumba nyingi za Uingereza hufuata utaratibu wa kumtaka kitambulisho yeyote anayeonekana chini ya miaka 25. Ule upana wa miaka saba ni kinga yako, maana jicho hukosea kwa mwaka mmoja au miwili kila siku, lakini ni nadra likosee kwa saba.

Kabla hujaangalia kadi, tazama uso. Kisha tazama picha, kisha tarehe ya kuzaliwa, na kila asubuhi andika karibu na mashine ya risiti tarehe ambayo aliyezaliwa baada yake hauziwi leo, ili usifanye hesabu kichwani saa 4 usiku. Ukiwa na shaka muulize mwaka wake wa kuzaliwa, mwenye kadi ya kuazima mara nyingi husita. Asiye na kitambulisho hauziwi, basi. Usimpe mwenzake aliye na kitambulisho kinywaji cha pili huku unaona kinapelekwa kwa yule uliyemkatalia, kwa sababu kumnunulia mtoto ni kosa la mnunuzi, na wewe uliyeona ukauza huna pa kujificha.

Kila unapomkatalia mtu, andika kwenye daftari: saa, sababu, maelezo mafupi ya mtu, jina lako. Watu huliona daftari hili kama kazi ya shule. Katika sheria ya Uingereza, mwenye leseni aliyeshtakiwa anaweza kujitetea kwamba alichukua tahadhari zote zinazofaa, na tahadhari huoneshwa kwa maandishi: rekodi za mafunzo, daftari la waliokataliwa, maagizo yaliyosainiwa na wahudumu. Daftari tupu katika nyumba yenye wateja wengi halioneshi kwamba hakuna watoto waliokuja. Linaonesha kwamba hakuna aliyeuliza. Ujue pia kwamba mamlaka hutuma vijana wa kujaribu kununua, na huko Uingereza kumuuzia mtoto mara mbili ndani ya miezi mitatu mfululizo ni kosa jingine zaidi, lenye uzito wake kwa mwenye leseni.

Aliyelewa ni mgumu kuliko mtoto, kwa sababu hakuna kadi ya kuangalia. Sheria ya Uingereza inakataza kumuuzia aliyelewa, na majimbo mengi ya Marekani yanamruhusu aliyeumizwa na mlevi kumshtaki muuzaji aliyeendelea kummiminia. Usisubiri mpaka aanguke. Angalia anavyotembea kwenda msalani, anavyohesabu pesa, sauti inavyopanda, macho yanavyochelewa kukufuata. Anza kwa kupunguza mwendo: pita meza nyingine kwanza, mletee maji, mpe orodha ya chakula. Ukifika wakati wa kukataa, mwambie kando, mbali na wenzake, bila neno "umelewa." Mimi husema, "Kaka, kwa sasa kinywaji kingine siwezi kukuuzia, nikuletee maji?" na sibadilishi sentensi hata akiuliza mara tano. Kisha waambie wahudumu wote, kwani hatua yake ya pili ni kwenda kwa mwenzako wa upande wa pili wa kaunta, na ya tatu ni kumtuma rafiki.

Vipimo na bei nitavipita haraka. Uingereza jini, ramu, vodka na wiski huuzwa kwa mililita 25 au 35, nyumba huchagua kimoja na kukifuata kote. Maji ya bomba ya kunywa hutolewa bure kwa mteja anayeomba, na matangazo ya kunywa bila kikomo kwa bei moja yamewekewa vizuizi. Kenya na Tanzania zimepiga marufuku pombe ya pakiti za plastiki, Tanzania kuanzia 1 Machi 2017. Ukikuta akiba ya namna hiyo stoo, usiiuze ili "iishe."

Kero kwa majirani haina mbwembwe, lakini ndiyo inayoleta malalamiko mengi. Leseni ikisema milango na madirisha yafungwe muziki unapopigwa, joto halibadilishi sharti. Toka nje mwenyewe mara moja kila saa, simama kwenye mpaka wa jirani wa karibu, usikilize, uandike ulichosikia. Chupa tupu zisimwagwe kwenye pipa usiku, nazo zinaamsha mtaa kuliko spika.

Kuna suala la nani yupo. Uingereza kila nyumba inayouza pombe kwa leseni ya kawaida huwa na msimamizi aliyetajwa, mwenye leseni yake binafsi, na kila mauzo lazima yafanywe au yaidhinishwe na mwenye leseni ya namna hiyo. New Zealand jina la meneja wa zamu hubandikwa mahali pa kuonekana. Scotland mhudumu hauzi mpaka apate mafunzo ya saa mbili, na rekodi yake iwepo kazini. Popote ulipo, uliza kabla ya zamu: leo msimamizi ni nani, namba yake ni ipi, na idhini yangu ya kuuza imeandikwa wapi? Msimamizi akiacha kazi na jina lake likabaki kwenye leseni, nyumba inaweza kuwa inauza kinyume cha sheria bila yeyote wa zamu kujua.

Mkaguzi akija, muombe kitambulisho chake, kisha mpishe. Mpe leseni, mchoro, daftari la waliokataliwa, rekodi za mafunzo na namba ya msimamizi. Usibuni jibu. "Sijui, namwita meneja" ni jibu halali, na "tangu zamani tunafanya hivi" huandikwa kwenye ripoti jinsi ulivyolitamka. Akikuonesha kasoro, iandike kwa maneno yake, na umwombe taarifa yake kwa maandishi kabla hajatoka. Na mwaka wa leseni ukikaribia kwisha, angalia tarehe mwenyewe hata kama si kazi yako, kwa sababu aliyekutwa kaunta siku ya pili yake ndiye atakayeandikwa jina.