Kuzamia na mkondo Mafia, kisha kurudi Dodoma: maji ya kuchagua na saa za kusubiri

SWALI: Sisi ni marafiki watatu, tunafanya kazi Dodoma. Wote tuna cheti cha kwanza cha kuzamia kwa mtungi, mwisho mita 18, na mbizi zetu zote zilikuwa kwenye maji yaliyotulia. Tuna likizo ya wiki moja na tunataka kuzamia kwa kufuata mkondo ili tuone kasa na samaki wakubwa. Twende wapi, wakati gani? Na je, tukizamia asubuhi ya siku ya mwisho, tunaweza kupanda treni ya jioni kurudi Dodoma?
Msomaji, Kisasa, Dodoma

JIBU: Nianze na treni, maana ndiyo inayoamua ratiba yote. Msipande. Mkiwa chini ya maji, mwili unafyonza naitrojeni kutoka kwenye hewa ya mtungi, nayo inatoka polepole kwa saa nyingi baada ya mbizi. Ukipanda mahali penye mgandamizo mdogo wa hewa kabla haijapungua vya kutosha, inaweza kutengeneza mapovu kwenye viungo, kwenye damu, hata kwenye uti wa mgongo. Wengi wanaijua kanuni ya kusubiri kwa ndege tu. Lakini Dodoma mjini iko mita zipatazo 1,120 juu ya usawa wa bahari, na treni ya SGR inawafikisha huko kutoka Dar es Salaam kwa chini ya saa nne. Basi nalo linapanda mwinuko uleule.

Mwongozo unaotumika kwa kimo cha kuanzia mita 600 hadi 2,400 ni huu: subiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja isiyohitaji vituo vya lazima vya kusimama wakati wa kupanda juu, na angalau saa 18 ukiwa umezamia mara kadhaa au siku kadhaa mfululizo. Ninyi mtakuwa kwenye kundi la pili, nami nawashauri wekeni saa 24 kamili. Habari njema ni kwamba saa za kuvuka bahari kwa kivuko cha Kilindoni hadi Nyamisati na usiku wa kulala Dar zinahesabika, kwa kuwa bado mko usawa wa bahari. Mkichagua ndege ya Mafia–Dar, saa hizo lazima zitimie kabla ya kuruka, hata kama ni safari fupi. Na mkishafika nyumbani, mtu akipata maumivu ya viungo yasiyo na sababu, ganzi, kizunguzungu au uchovu usio wa kawaida, aende hospitali siku hiyohiyo, aombe oksijeni, na amwambie daktari tangu mwanzo kwamba alikuwa anazamia. Asiposema, daktari wa bara anaweza asilifikirie jambo hilo kabisa.

Sasa mahali. Kwa cheti chenu ningechagua Mafia, ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa 1995, na hasa mlango wa Kinasi unaoingiza maji Ghuba ya Chole. Milango ya magharibi mwa Pemba, kama Njao na Fundo, ni mizuri mno, ila kuta zake zinashuka mbali na mkondo wake unataka uzoefu. Iacheni mpaka mpate cheti cha mita 30. Mnemba, Unguja, ina kasa na mkondo wa wastani, lakini boti huwa nyingi.

Samaki wakubwa hukaa pale mkondo unapogonga pembe ya mwamba, kwa sababu chakula kinaletwa hapo: vijidudu vya majini vinawavuta samaki wadogo, na hao wanawavuta kolekole, mizia na nguru. Chewa wakubwa hujibanza chini ya miamba, mahali ambapo maji hayawasukumi. Kasa wa kijani mtafuteni karibu na nyasi za bahari, naye ng'amba kwenye mwamba wenye sifongo nyingi.

Kuhusu majira, Oktoba hadi mwanzo wa Machi ndiyo nafasi yenu. Kusi linapovuma sana, Juni hadi Septemba, nje ya ghuba kunachafuka na mtabaki ndani. Aprili na Mei ni masika, na hoteli kadhaa za Mafia hufungwa.

Msichague wiki kwa kuangalia likizo peke yake, angalieni na mwezi. Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Hapo tofauti ya kujaa na kupwa kwenye pwani yetu inaweza kukaribia mita nne, na maji yote hayo yanapita kwenye mlango mwembamba. Ninyi chagueni maji mafu, yaani siku ambazo tofauti hiyo ni ndogo, wiki moja hivi baada ya mwandamo au mpevu. Zaidi ya hapo, zamieni maji yakiwa yanajaa. Maji yanayoingia hutoka bahari kuu, ni safi, na mkipotezana na boti yanawapeleka ndani ya ghuba. Yanayotoka huwa na tope la mikoko, tena yanawasukuma baharini. Kwa kawaida nusu ya maji hupita katika saa mbili za katikati kati ya kupwa na kujaa, kwa hiyo ingieni saa moja na nusu hivi kabla ya maji kujaa kabisa. Siku za maji mafu maji hujaa karibu na saa 4 asubuhi, basi kuingia kunaangukia saa 2 na nusu. Kila siku muda unasogea kwa dakika 50 hivi. Jedwali la maji lithibitishwe na nahodha.

Mkondo wa noti moja (kipimo cha mwendo baharini) ni nusu mita kwa sekunde. Haionekani kuwa kasi, lakini kwa dakika 40 mtakuwa mmesafiri zaidi ya kilomita moja, na hakuna anayeweza kuogelea kinyume chake kwa muda mrefu. Ndiyo maana boti haitii nanga, inafuata boya. Jaketi la kuelea liwe tupu kabla ya kujirusha, wote mwingie kwa hesabu moja, mkutane mita tano chini. Anayebaki juu kurekebisha miwani kwa dakika moja ameachwa mita 30 nyuma, na hili ndilo kosa ninaloliona zaidi kwa wageni wa mkondo.

Hewa ipigieni hesabu mapema. Mtungi wa lita 12 kwenye ba 200 (ba ni kipimo cha mgandamizo) una lita 2,400 za hewa. Mtu anayevuta lita 20 kwa dakika juu ya maji, kwenye mita 15 anavuta 50. Ukiacha akiba ya ba 50, yaani lita 600, unabaki na dakika 36. Anzeni kupanda mmoja wenu anapofika ba 80, msizidi mita tisa kwa dakika, kisha simameni dakika tatu kwenye mita tano.

Hapo ndipo boya la kujaza hewa linapohitajika, na kila mmoja awe na lake: urefu wa mita moja na nusu au zaidi, na kamba isiyopungua mita 15. Tazama juu kwanza, hakikisha kamba haijanasa kwenye jaketi, jaza hewa kidogo, achia. Gurudumu la kamba likikwama, liachie mara moja. Ukiling'ang'ania litakuvuta hadi juu kabla mwili haujawa tayari. Kamba ikilegea, boya linalala na nahodha halioni. Zoezi hili lifanyeni kwenye bwawa la kuogelea hapo Dodoma mpaka mikono izoee. Bwawa la Mtera msiende kabisa, kuna mamba na viboko. Mkifika baharini ongezeni kilo mbili hivi za uzito kuliko mlizotumia bwawani, kwa kuwa maji ya chumvi yanaelesha zaidi.

Kwa wiki yenu: Jumamosi treni hadi Dar, Jumapili Mafia, Jumatatu mbizi moja rahisi ndani ya ghuba, Jumanne hadi Alhamisi Kinasi, mbizi ya mwisho iishe kabla ya adhuhuri. Ijumaa msizamie. Kati ya Oktoba na Februari mnaweza kwenda upande wa Kilindoni kumwona papa potwe kwa miwani na mrija, juu ya maji tu, bila kujitosa chini. Jumamosi vukeni, mlale Dar, Jumapili treni.

Mkimkuta kasa amepumzika, kaeni mita tatu pembeni yake, msimkalie juu. Anahitaji njia wazi ya kwenda kuvuta hewa, na akizibwa atakimbia akiwa na hewa kidogo.

Kabla ya kulipa, muulizeni mwenye boti mambo matatu: kama kuna mtungi wa oksijeni ndani ya boti na mtu anayejua kuutumia, kama injini inatolewa gia wazamiaji wakiwa karibu, na mgonjwa wa mapovu anapelekwa chumba gani cha mgandamizo, kile cha kutibu ugonjwa huo, kwa usafiri gani. Akisitasita kwenye la tatu, tafuteni mwingine.