Mkemia huendeleza, hugundua au hubuni mmenyuko?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Katika makala yangu niliandika kuwa Akira Suzuki "aliendeleza mimenyuko mipya ya kikemia". Mhariri akaweka "aligundua". Mwenzangu anashikilia kuwa ni "alibuni". Lipi sahihi?

JIBU: Marahaba. Kwanza liache hilo la "aliendeleza". Anayeendeleza hushika kazi iliyokwisha kuanzwa. Kama mmenyuko, yaani vitu kubadilika kuwa vitu vingine, ni mpya, aliuendeleza kutoka wapi?

Kugundua ni kukiona kilichokuwa hakijulikani, hata kama hukukitafuta. Mwaka 1856 William Perkin, kijana wa miaka 18 jijini London, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria. Akaambulia masimbi meusi, na alipoyatia alkoholi yakatoa rangi ya zambarau. Huyo aligundua rangi, wala sina ubishi.

Suzuki ni habari nyingine. Mjapani huyu, mzaliwa wa Hokkaido, alikwenda Marekani mwaka 1963 kufanya utafiti kwa Herbert Brown, bingwa wa kampaundi za boroni, yaani vitu ambavyo elementi hiyo imeungana na nyingine, katika Chuo Kikuu cha Purdue. Baadaye, akiwa kwao, alitaka kaboni iliyoshikwa na boroni iungane na kaboni nyingine, metali ya paladiamu ikiwa kichocheo. Tatizo ni kwamba kampaundi hizo ni tulivu mno, haziiachii kaboni kirahisi. Yeye na Norio Miyaura wakaongeza besi, kemikali iliyo kinyume cha asidi. Besi hujishikiza kwenye boroni, na hapo kaboni huweza kuhamia kwenye paladiamu. Walitangaza matokeo mwaka 1979, na mwaka 2010 Suzuki akapata Tuzo ya Nobel pamoja na Richard Heck na Ei-ichi Negishi. Palikuwa na lengo, pakawa na kizuizi, akili ikatumika kukivuka. Huko ndiko kubuni, na mwenzako namuunga mkono kwa moyo wote.

"Vumbua" watu hulitumia kwa maana zote mbili, kwa hiyo halimwambii msomaji kama jambo lilikusudiwa.

Jihadhari pia na "alianzisha mmenyuko". Mwanakemia ataelewa kuwa mtu alichanganya vitu chupani vikaanza kumenyuka. Tena mmenyuko hautengenezwi. Kinachotengenezwa ni kampaundi inayotokana nao. Mimi ningeandika hivi: "Suzuki na Miyaura walibuni mmenyuko ambao umetumika kutengeneza losartani, dawa ya shinikizo la damu."