Pangani ionwe kutoka mtoni

Swali la wiki la gazeti lenu lilikuwa hili: ukipewa nafasi ya kumpeleka mgeni kwenye mji mmoja wa kale wenye bandari, utampeleka wapi, na utaanza kumwonyesha nini? Najua wengi watataja Bagamoyo, Kilwa Kisiwani, Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu, na wana haki yao. Mimi nitampeleka Pangani, mji mdogo wa pwani mkoani Tanga, na nitaanza kumwonyesha mto kabla ya nyumba hata moja.

Nina sababu. Nimeona wageni wakishuka Pangani, wanapiga picha mbili tatu za kuta zilizochakaa, wanakula samaki, wanaondoka wakiamini wameuona mji. Ukianza na kuta utaona uchakavu tu. Ukianza na maji, kila ukuta utakueleza kwa nini ulijengwa pale.

Mito inayoshuka kutoka Kilimanjaro na Meru hukusanyika kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, halafu Mto Pangani unateremka ukiacha milima ya Pare na Usambara upande wa kushoto, unapita kwenye mitambo ya umeme ya Hale na ya Maporomoko ya Pangani, hadi baharini. Ni mwendo wa kilomita 500 hivi. Kwa sababu ya maporomoko, vyombo havikuweza kupanda mbali. Kilichofanya kazi ya barabara ni bonde lenyewe. Katika karne ya 19 misafara ya Usambara, Kilimanjaro na Umasaini ilijipanga hapa, wapagazi wakajitwika vitambaa, shanga na nyaya kwenda bara, na pembe za ndovu zikarudi kwa njia hiyo hiyo pamoja na watu waliotiwa utumwani. Kutoka hapa majahazi yaliwavusha kwenda Unguja na Pemba. Mwaka 1857 wasafiri wa Kiingereza Richard Burton na John Speke walipita hapa wakapanda hadi Vuga kwa Kimweri, mtawala wa Washambaa, kabla hawajaanza safari yao ya kuelekea Ziwa Tanganyika.

Basi asubuhi ya kwanza, maji yakianza kujaa, tafuta boti na nahodha mwenyeji, umwambie akupandishe mto taratibu. Mwombe asogee karibu na ukingo. Utaona mizizi ya mikoko imesimama nje ya maji kama vidole, kaa wadogo wakikimbilia mashimo yao kila boti inapotikisa tope, na alama ya unyevu kwenye mashina inayoonyesha maji ya jana yalifika wapi. Halafu minazi inaanza. Angalia vilele vyake. Mingine imebaki nguzo tupu, kwa sababu maji ya chumvi siku hizi yanaingia mtoni mbali kuliko zamani. Huko juu maji yanachotwa kwa umwagiliaji na kuzuiwa kwa mabwawa, kwa hiyo yanayofika chini hayana tena nguvu ya kuisukuma bahari irudi. Wakulima wa ukingoni wanajua habari hii kwa undani kuliko mtu yeyote. Ukimkuta mmoja shambani, msalimie kwanza, kisha muulize. Atakueleza mambo ambayo hakuna kibao kitakachokueleza.

Mwulize nahodha pia mashamba ya miwa yalikuwa wapi. Hapa ndipo penye kiini cha mji, na ndipo pasipozungumzwa vya kutosha. Kuanzia miaka ya 1860 na kuendelea, matajiri wa Kiarabu walifungua mashamba ya miwa kwenye kingo zote mbili za mto. Sukari na asali ya miwa vilisafirishwa hadi Unguja na ng'ambo. Waliokata miwa, walioisukumia kwenye vinu, waliosimama juu ya masufuria yanayochemka, walikuwa watumwa. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar, akibanwa na Waingereza, alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Misafara kutoka bara haikukoma siku hiyo. Wengi waliokuwa wanavushwa sasa walibakizwa pwani, na mashamba ya Pangani yalikuwa na njaa ya mikono. Kwa hiyo ukitazama nyumba kubwa za mjini, na ile boma ya kale yenye milango ya nakshi, kumbuka fedha ilitoka wapi.

Mchana rudi mjini utembee kwa miguu. Nenda pale ambapo lipu imebanduka. Ndani ya ukuta utaona mawe ya matumbawe, bado yana vitundu na michoro yake ya baharini, yameshikanishwa kwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayo hayo. Juu, boriti za mikoko. Na kwa kuwa boriti ya mkoko haizidi urefu fulani, vyumba vya nyumba za zamani ni virefu na vyembamba. Upana wa chumba ulipimwa na mti. Mbele kuna baraza za mawe za maduka ya zamani ya Wahindi, na watu bado wanazikalia. Usipige picha mtu aliyekaa pale kabla hamjasalimiana. Ni adabu tu, na salamu ndiyo inayoleta hadithi.

Hadithi utakayosimuliwa bila kuuliza ni ya Bushiri, na inastahili. Mwaka 1888 Sultani Khalifa aliikodisha pwani kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Mwezi wa Agosti wakala wake Pangani, Emil von Zelewski, alitaka bendera ya kampuni ipandishwe na mamlaka ya liwali wa Sultani yawekwe kando; inasimuliwa pia kwamba msikiti ulinajisiwa. Watu wa mji walimfungia ndani ya nyumba yake. Moto ukasambaa pwani nzima, kutoka Tanga hadi kusini. Abushiri bin Salim al-Harthi, ndiye huyo Bushiri, akawa kiongozi anayejulikana zaidi, na huko Saadani alikuwapo Bwana Heri. Serikali ya Ujerumani ikamleta Hermann von Wissmann na jeshi la kukodi. Bushiri alikamatwa mwishoni mwa 1889, akanyongwa hapa hapa Pangani tarehe 15 Desemba. Na Zelewski? Alirudi na jeshi kuwaandama Wahehe, na tarehe 17 Agosti 1891 aliuawa Lugalo, karibu na Iringa, na watu wa Mkwawa, mtawala wao. Tulifundishwa Lugalo shuleni, lakini si wengi tulioambiwa kwamba mtu huyo jina lake lilianza kuchukiwa Pangani.

Hata hivyo Bushiri mwenyewe alikuwa mwenye shamba la miwa, na shamba lake lililimwa na watumwa. Naheshimu ushujaa wake, na sioni sababu ya kuficha hilo. Walioinuka mwaka 1888 hawakuwa kundi moja: walikuwamo waungwana wa mji waliopoteza ushuru na heshima, wapagazi wa Kinyamwezi waliokuwa mjini kwa kazi za msafara, watu wa vijiji vya Wazigua, na wanyonge waliokuwa na hasira zao na matajiri hao hao. Mwongozaji anayekusimulia shujaa mmoja na Mjerumani mmoja amekupa robo ya hadithi. Ukiwa mtoni umeshaona mashamba yalipokuwa, utakuwa na swali la kumuuliza.

Kuna jambo jingine linalonigusa kama mpenzi wa lugha hii. Shaaban Robert, aliyezaliwa Machui, upande wa Tanga wa barabara ya kuja hapa, alikuwa karani wa forodha, na Pangani ni moja ya vituo alivyofanyia kazi. Ukisimama kwenye gati ukatazama mashua zikishusha mizigo, unatazama kazi aliyokuwa akiiandika kwenye daftari la serikali kila siku.

Siku ya pili panda kivuko uende Bweni, ng'ambo. Ni dakika chache, lakini simama mbele, maana katikati ya mto ndipo unapouona mji kama mabaharia walivyouona, na maji ya udongo ya bara yakipambana na maji ya bahari mbele ya macho yako. Upande huo wa kusini ndiko iliko Kikogwe. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida kupitia Hamburg. Iliyofika hai ilikuwa 62. Ikapandwa Kikogwe. Mashamba yote ya mkonge ya Tanga, Korogwe na Morogoro yana asili yake katika miche hiyo, na zao hilo baadaye likawa ndilo linaloipa Tanganyika fedha nyingi za kigeni.

Kisiwa cha Maziwe ni cha wenye muda. Ni fungu la mchanga linalozama maji yakijaa. Zamani kilikuwa na miti na kasa wengi walitaga pale. Nenda na nahodha anayejua saa za maji. Na ukirudi Tanga, shuka Tongoni uone msikiti na makaburi zaidi ya 40, mengi yenye nguzo, ya karne ya 14 na 15. Kwenye mafungu ya karibu na hapo Vasco da Gama aliichoma moto meli yake, São Rafael, mwaka 1499, kwa kuwa mabaharia waliobaki hai hawakutosha kuiendesha.

Epuka masika, hasa Aprili, maana mvua zitakuharibia safari ya mtoni. Chukua mwongozaji mwenyeji na mlipe vizuri.

Nimalizie kwa ombi kwa wahusika, kwa kuwa gazeti hili linasomwa na wengi. Barabara ya pwani kutoka Tanga kwenda Bagamoyo kupitia Pangani na Saadani imeanzishiwa ujenzi wa daraja juu ya mto huu, na ni jambo jema: mgonjwa wa Bweni asisubiri kivuko usiku. Lakini magari yatavuka bila kusimama. Wekeni vibao pande zote mbili, kimoja chenye jina la Bushiri na kingine chenye habari za watumwa wa mashamba ya miwa, vyote viwili. Jengeni gati dogo la boti za wageni karibu na soko la samaki, ili mapato yaingie kwa manahodha wa Pangani. Na kabla lipu mpya haijapigwa kwa saruji kwenye nyumba za zamani, aitwe fundi wa chokaa, maana saruji inazuia unyevu kutoka na matumbawe yanaoza ndani kwa ndani.